Franka mbili za mutumikaji, na filme za Jean Renoir



Kila mara mu mukutano wa sendika, mutu akisimama na kusema tutenge makuta kidogo kwa kupiga picha kazi yetu na maisha ya kambi, mwingine anasimama nyuma yake na kujibu: sinema ni ya kupitisha saa, tuongelee mushahara. Ninamuelewa. Mushahara njo unga, njo minerval ya watoto. Lakini leo nataka niwaeleze habari ya mutu mumoja wa Ufaransa mwenye alitengeneza filme, na ya sendika moja kubwa ya kule yenye ilipitisha karatasi za franka mbili kwa watumikaji ili filme itoke. Kisha kila mutu atapima mwenyewe.

Jina lake ni Jean Renoir. Alizaliwa Paris, ku kilima cha Montmartre, tarehe 15 septemba 1894. Baba yake, Pierre-Auguste Renoir, ni ule muchoraji mwenye sifa dunia nzima. Tusimulete Jean mu kundi letu kwa nguvu: hakushika piki hata siku moja, hakulala na njaa. Nyumbani mwao kulikuwa watu wa kusaidia kazi, na mutoto alilelewa sana na Gabrielle, ndugu ya mama yake, mwenye alikuwa anamupeleka kuangalia michezo ya masanamu yenye kuchezeshwa na mikono. Lakini ule baba mwenyewe alikuwa mutoto wa mushonaji wa nguo. Akiwa kijana alianza kazi mu kiwanda cha porselene, kuchora mapambo ku sahani. Alikuwa mutu wa mikono mbele ya kuwa mutu wa jina. Alipozeeka, ugonjwa wa viungo ulimupinda vidole. Walikuwa wanamuwekea burashi mukononi na yeye anaendelea kuchora. Jean aliyaona ile yote, na mu 1962 aliandika kitabu kizima juu ya baba yake. Mimi nazani ni pale njo alijifunza kuangalia mikono ya mutu mbele ya kuangalia uso.

Vita ya 1914 ilimukuta askari wa farasi. Mu 1915 risasi ilimuumiza muguu vibaya, akatembea akichechemea mupaka kufa kwake. Mutu mwingine angebaki nyumbani na cheti cha daktari. Yeye alirudi vitani, mara hii ndani ya ndege, kwa kupeleleza adui toka juu. Na njo ile miaka alianza kupenda sinema kabisa, zaidi filme za Charlie Chaplin.

Baba alikufa desemba 1919. Mwezi uliofuata, Jean akaoa Andrée Heuschling, musichana mwenye muzee alikuwa anamuchora, na ju ya kumufanya nyota wa sinema, kwa jina la Catherine Hessling, akaanza kutengeneza filme. Makuta alitoa wapi? Aliuzisha michoro ya baba. Mu 1926 alitoa filme Nana, kutoka kitabu cha Émile Zola. Ilikula zaidi ya franka milioni moja na haikurudisha. Michoro ikaendelea kutoka ukutani, moja moja. Ata mutoto wa muchoraji mukubwa hawezi kulipa sinema peke yake, tukumbuke ile.

Sauti iliingia mu sinema, na Renoir akapata nguvu: La Chienne mu 1931, Boudu sauvé des eaux mu 1932, zote mbili na Michel Simon. Ni filme nzuri, Boudu itawachekesha. Lakini mimi nataka kufika ku 1935, sababu pale njo mutoto wa Montmartre alishuka kwetu.

Ile mwaka alienda Martigues, kusini ya Ufaransa, karibu na Marseille, akatengeneza Toni. Toni ni Mwitalia mwenye kuja kutafuta kazi, na kazi yenye anapata ni ya karyeri, kupasua mawe. Filme inaanza na treni: wageni wanashuka, na mabegi, na nyimbo za kwao. Toni anapanga kwa mwanamuke mumoja, Marie, kisha anapenda mwingine, Josefa, Muespanyoli. Lakini Josefa anaolewa na Albert, kapita wa karyeri, mutu wa matusi na wa fimbo. Siku moja Josefa anamuua Albert. Toni anabeba kosa. Wanamukimbiza, wanamupiga risasi karibu na daraja la treni. Na treni ingine inafika, na wageni wengine wanashuka, na nyimbo zile zile.

Renoir hakuifanyia ndani ya studio na kuta za kartoni. Aliifanyia pale pale, ku karyeri ya kweli, na jua la kweli, na sauti yenye ilichukuliwa papo hapo. Wachezaji wengi hawakuwa na majina makubwa, na aliwaachilia waongee Kifransa cha kusini chenye watu ya Paris wanakizarau. Habari yenyewe ilitoka ku kesi ya kweli, yenye alielezwa na rafiki yake komisere wa polisi. Watu ya Italia, wakati walianza kutengeneza filme zao za barabarani kisha vita ya Hitler, walikuta njia imekwisha kupitwa.

Ju ya nini ninakaa sana ku Toni? Sababu nani kati yetu hajui ile treni? Babu zetu walishuka vile vile Katanga: wengine toka Kasai, wengine toka Rwanda na Burundi, wengine toka Rhodesia ya Kaskazini. Mutu anakuja kwa mukataba, anaoa, anapata watoto, na mutu wa ofisi bado anamuita mugeni. Filme ya Ufaransa ya 1935 inajua ile. Na haimufanye mutumikaji kuwa malaika: Toni anaumiza Marie sana, mupaka bibi huyu anajitupa mu maji. Wamama wataona, na watakuwa na la kusema juu ya huyu Toni.

Mu 1936 Ufaransa ilichemka. Vyama vya kushoto viliungana, wakajiita Front populaire, wakashinda uchaguzi mwezi wa tano. Mbele serikali mupya haijakaa vizuri, watumikaji walikamata viwanda: waligoma wakibaki ndani, wakilala pembeni ya mashini. Mwezi wa sita patro na sendika ya CGT walitia saini mapatano ya Matignon. Mishahara ilipanda kati ya 7 na 15 kwa mia, na sheria zikafuata: saa 40 kwa juma, na juma mbili za konje yenye kulipwa. Wakati ule kulikuwa watumikaji wa Ufaransa wenye hawajaona bahari maisha yao yote.

Renoir alikuwa ndani ya ile moto. Mwezi wa kwanza wa 1936 ilitoka Le Crime de Monsieur Lange, yenye aliandika na Jacques Prévert. Muisikilize hii, ni habari yetu kabisa. Kuna kiwanda cha kuchapa magazeti, patro wake anaitwa Batala. Anakula makuta ya watu, anadanganya wasichana wa kazi, madeni yanamujaa, anatoroka. Treni yake inapata aksida, watu wanasema amekufa. Watumikaji wanafanya nini? Wanaunda koperative. Wanaendesha kiwanda wao wenyewe, magazeti yanauzika, kila mutu anapata. Kisha Batala anarudi, hai, amevaa nguo za padri, na anataka mali yake. Lange, muandishi mupole mwenye hajaua hata kuku, anamupiga risasi. Anakimbia na bibi yake mupaka karibu na frontiere, na pale ku hoteli watu wa kawaida wanasikiliza habari na wanakata kesi kati yao. Wanawaachilia wapite.

Sisemi mutu apige patro risasi! Sendika yetu inatumia karatasi, mugomo na tribinali. Nasema tu kwamba, kwa ile wakati, mutu aliweka ku ekra watumikaji wenye wanaweza kuendesha kiwanda bila patro, na kiwanda hakikuanguka. Ile picha peke yake ilikuwa kitu.

Ile mwaka tena, chama cha Wakomunisti kilimuomba filme ya uchaguzi. Ikaitwa La vie est à nous. Makuta yalikusanywa mu mikutano ya watu, na wengi wa mafundi walitumika bila mushahara. Serikali haikuipa ruhusa ya kuonyeshwa mu sale za biashara, ikazunguka mu mikutano tu. Watu wote waliweza kuiona mu 1969. Miaka 33!

Sasa tufike ku zile franka mbili. Renoir na CGT walitaka filme juu ya Mapinduzi ya 1789, lakini si ya wafalme na majenerali: ya wale vijana wa Marseille wenye walitembea kwa miguu mupaka Paris mu 1792, wakiimba wimbo wenye ulikuja kuwa wimbo wa taifa. La Marseillaise. Mupango ulikuwa huu: mutumikaji ananunua karatasi ya franka mbili sasa, na siku filme itatoka, zile franka mbili zinatolewa ku bei ya tikiti yake. Si zawadi, si mupango wa kanisa. Ni kulipa mbele. Watu wengi wenye kuonekana ndani ya filme walikuwa pia watumikaji.

Ilifaulu? Niseme ukweli, sababu mu sendika tumechoka na wenye kupamba. Makuta ya karatasi hayakutosha. Ilibidi kupita njia ya kawaida ya kompani ya sinema ili kazi iishe. Ilipotoka, februari 1938, Front populaire ilikuwa imekwisha kuchoka, na watu hawakujaa sale vile walitumaini. Na mimi mwenyewe naona filme ile ni ndefu, kuna pahali maneno inapita vitendo. Lakini ile mapango ya franka mbili haikuwa ya bure. Filme ilitoka, iko mupaka leo, na ndani yake mufalme Louis XVI anaonekana mutu wa kupenda kula, asiye mubaya sana, na vijana wa Marseille wanaonekana watu wenye akili, wenye kubishana juu ya sheria. Wenye kulipa mbele hawakuomba wafanywe watakatifu. Walipata heshima ya kuonyeshwa wakiwaza.

Kati ya hizi, mu 1937, Renoir alitoa yenye ilimupa jina kubwa, La Grande Illusion. Wafungwa Wafransa mu magereza ya Wajerumani, vita ya 1914. Jean Gabin anacheza Maréchal, mutu wa kawaida, na koti ya ndege yenye amevaa ni ya Renoir mwenyewe, ya wakati alikuwa rubani. Pembeni yake kuna de Boeldieu, mutu wa ukoo mukubwa na glavu nyeupe. Mukubwa wa gereza ni Mujerumani wa ukoo mukubwa pia, von Rauffenstein. Hao wawili wanaelewana mara moja, wanaongea Kiingereza kati yao wengine wasisikie, ingawa ni maadui. Maréchal alikula na kulala na de Boeldieu miezi mingi na hawajafika kuitana kwa jina. Mwenye ametumika chini ya wakubwa wa mataifa mbalimbali hatashangaa: wakubwa wanajuana. Lakini Renoir hakuishia pale. De Boeldieu njo anajitoa kufa ili Maréchal na mwenzake Rosenthal, Myahudi, watoroke. Kwa huyu mutu, hakuna mwenye hana sababu yake, ata adui. Italia na Ujerumani waliipiga marufuku. Goebbels, mukubwa wa propaganda ya Hitler, aliita ile filme adui namba moja.

Na sasa yenye mimi napenda kupita zote: La Bête humaine, 1938. Tena kitabu cha Zola. Gabin ni Jacques Lantier, mashinisti wa treni ya Paris–Le Havre, na treni yake ameipa jina la mwanamuke, Lison. Mwenye amesoma kidogo Kifransa mu sekondari atakumbuka jina Lantier: Étienne Lantier, mwenye kuongoza mugomo wa wachimba makaa mu Germinal, katika vitabu vya Zola ni ndugu wa huyu Jacques, mama mumoja. Mumoja mu mugodi, mumoja ku reli.

Dakika za mwanzo, karibu hakuna maneno. Treni inakimbia, moto unawaka, Lantier amechungulia inje na miwani ku macho, mwenzake anatupa makaa. Makelele ni mengi, hawawezi kuongea. Wanaongea na mikono: ishara moja kwa maji, ingine kwa makaa, kichwa kimoja, vidole. Gabin alijifunza kuendesha treni kwa kweli, na picha zilichukuliwa ku reli, si mu studio. Mwenye anatumika pembeni ya konkaseri, ao chini na mashini ya kutoboa, anajua ile lugha. Miaka ishirini unatumika na mutu na labda hukumusikia sauti saa za kazi, lakini unajua bega lake likishuka anataka kusema nini. Mimi nimeona filme nyingi zenye kusema zinatupenda sisi watumikaji, na mutumikaji ndani yake anatoa hotuba mukono juu. Renoir, ile mara, aliacha hotuba, akaonyesha kazi. Namna ya kuifanya. Kwangu ile ni heshima ya juu.

Habari inayofuata ni ya mauaji, ya bibi ya naibu wa mukubwa wa stasio na ya ugonjwa wa damu wenye Lantier amerizi toka kwa walevi wa ukoo wake. Haiishe vizuri. Si filme ya watoto.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba 1939, alitoa La Règle du jeu: matajiri mu shato, mapenzi ya kubadilishana, na siku moja ya kuwinda sungura. Yeye mwenyewe anacheza ndani, mutu munene mupole anaitwa Octave. Watu wa Paris walipiga filuzi na kelele, mwingine akajaribu kuwasha moto ndani ya sale kwa gazeti. Waliikata, wakaikata tena, na oktoba serikali ikaikataza, eti inavunja watu moyo wakati wa vita. Mu 1959 njo ilirudishwa karibu nzima, na leo wajuzi wengi wanaiweka kati ya filme kubwa kupita zote. Matajiri walikuwa wanakubali kuonyeshwa wabaya. Kuonyeshwa watupu njo hawakuvumilia.

Wajerumani walipoingia Ufaransa mu 1940, Renoir aliondoka. Alifika Marekani mwisho wa ile mwaka na hakurudi tena kukaa kwao kwa moja kwa moja. Hollywood haikumufaa sana. Lakini mu 1945 alitengeneza The Southerner, juu ya mulimaji masikini wa pamba na bibi yake wenye kujaribu shamba lao wenyewe, na ku muji wa Memphis waliikataza, hawakupenda kuonekana masikini. Kisha akaenda India kutengeneza Le Fleuve, filme yake ya kwanza ya rangi, yenye ilitoka mu 1951. Mu 1975 Wamarekani walimupa Oscar ya heshima. Alikufa Beverly Hills tarehe 12 februari 1979, akazikwa Essoyes, kijiji cha mama yake, karibu na baba. Wenzetu wengine wanasema: alikuwa na watumikaji miaka mitatu ao ine, kisha akaenda zake. Ni kweli. Ile miaka mitatu ao ine ilitupa zile filme.

Na kwetu? Desemba 1941, wakati Renoir yuko California, askari walipiga risasi wagomaji wa Union Minière ku uwanja wa mupira hapa Lubumbashi. Mu miaka ya 1970, muchoraji mumoja wa huu muji, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yetu, michoro zaidi ya mia moja, na ile mugomo ndani. Burashi na gunia la unga, hakungoja kompani imupe ruhusa. Lakini sinema ya kambi, wazee wanajua nani alichagua filme na ju ya nini. Na leo video zenye kuonyesha migodi yetu zinalipwa na nani? Muziangalie: bomba mupya ya maji, darasa lenye rangi, mukubwa mwenye kofia safi anakata utepe. Mutu wa zamu ya usiku hayuko. Mama mwenye kusafisha mawe na mutoto mugongoni hayuko. Mwenye kulipa picha njo anachagua nani anasimama mbele, na hakuna ubaya wake pale, ni makuta yake.

Kwa ile njo ninaleta mapendekezo mawili ku mukutano ujao. Ya kwanza: karatasi ya kulipa mbele, bei ndogo, kwa mwenye anataka, hesabu ikibandikwa ku mulango wa sendika kila mwezi, ili hakuna mutu aulize makuta ilienda wapi. Kijana mwenye anajua kamera tuko naye, tena zaidi ya mumoja. Isipotosha, tutajua ilipungua ngapi, na tutasema.

Ya pili haiombi hata franka. Juma moja mangaribi, tuonyeshe La Bête humaine mu sale ya sendika, na wazee wa shemini de feri tuwaachie viti vya mbele. Nataka kuwasikia, zile dakika za mwanzo, wakituambia Gabin alifanya nini vizuri na alikosea wapi.